Rupia Nyeusi ya Bukundi

Ukitaka kumuuzia Felisita sarafu ya zamani pale stendi ya Dutwa, usimwangalie usoni. Mwangalie vidole. Uso wake hausemi kitu. Anaweza kuwa ameshika mali na akakuambia, "Hii hata kwenye bao haifai," huku anageuza chapati kwa mkono wa pili. Lakini ikiwa ni kitu cha maana, kidole gumba kinaacha kupapasa katikati ya sarafu, kinahamia ukingoni. Nimenunua ngozi za ng'ombe jirani na meza yake miaka mingi, na kidole hicho nakijua kuliko anavyokijua mwenyewe.

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Aliupata miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na chama cha msingi kikafunga ya kwake. Mpima pamba wa chama alikuwa Marcelo, mume wa Felisita. Mizani ilipofungwa, Marcelo akasema anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu mwezi mmoja tu, ashike mtaji, arudi. Mwezi huo haujaisha mpaka leo. Felisita akabaki na binti yake Gloria, aliyekuwa darasa la saba, na jiko la chapati.

Pamoja na wanunuzi hao alikuja Deogratias, mtu wa Mwanza, shati jeupe, kalamu mfukoni. Mchana alimnunulia tajiri wake pamba. Jioni alinunua sarafu zake mwenyewe. Siku ya kwanza alipokaa kunywa chai kwa Felisita aliona kopo chini ya meza, lina senti za matundu, shilingi zenye kichwa cha mfalme, na takataka nyingine za shaba. Watu walikuwa wakizitoa kwenye masanduku ya marehemu wao na kuja kuomba chai. Felisita alizipokea kwa sababu wakati ule hakupenda kumwambia mteja hapana.

Deogratias akachokora kopo, akatoa moja ya shaba, mbaya, imegongwa upande.

"Hii kakupa nani?"

"Ya bandia hiyo, kaka. Huoni ilivyokaa? Nilitaka kumpa mtoto achezee."

"Nipe mimi nichezee. Bei ya chapati nne."

Akalipa, kisha akaifunga kwenye leso, kona kwa kona, akaitia mfuko wa ndani. Felisita akaona. Mtu hafungi kitu cha chapati nne kwenye leso. Kuanzia jioni ile akaacha kusikiliza maneno ya Deogratias, akawa anaangalia mikono yake.

Baadaye alimbana. "Kaka Deo, chai ya bure kila ukija, ila unifundishe. Usiponifundisha, kopo nalihamishia kwa mwingine." Deogratias akacheka, akakubali, aliona heri mwanafunzi wa kumletea vitu kuliko kopo lililofungwa. Akaanza na ile ya shaba: Mjerumani alikuwa vitani, amebanwa, akagonga pesa Tabora kwa mashine za karakana. Ndiyo maana ni mbaya. Ingekuwa nzuri, hapo ndipo angeitilia shaka.

Akamfundisha kuidondosha sarafu juu ya jiwe na kusikiliza, maana fedha halisi inalia na madini ya risasi yanasema tu "dapu". Akamwonyesha kutafuta mshono ukingoni, alama ya kitu kilichomiminwa badala ya kugongwa. Akamwambia aangalie sehemu iliyoinuka kuliko zote, shavu la mfalme au bawa la ndege, kwa sababu hapo ndipo vidole vya watu hula kwanza. Na zaidi ya yote:

"Usioshe, mama Gloria. Hata ikiwa nyeusi kama sufuria. Weusi huo ndiyo ngozi yake. Ukiichuna, unabaki na nyama, na nyama inauzwa kwa kilo."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na mzigo wangu, na hilo nililielewa bila kufundishwa. Ngozi ikipitiwa na kisu mahali pamoja tu, namshusha mwenyewe daraja, hata awe mjomba wangu.

Felisita alishika haraka. Ndani ya msimu mmoja wa pamba alikuwa akimrudishia mtu shilingi ya mfalme na kumwambia, "Shavu limeliwa, nenda kanunue chumvi." Alikosea pia. Mtu mmoja wa Ipililo alimuuzia rupia ya risasi iliyopakwa rangi ya fedha, na wapiga debe wakamwimbia wiki nzima, "Mama Dapu! Mama Dapu!" Hakukasirika. Aliitundika juu ya jiko, awe anaiona.

Mwishoni mwa mwaka matokeo ya darasa la saba yakatoka. Gloria alikuwa amefaulu, ila hakuchaguliwa. Zamani ingekuwa imeishia hapo. Lakini sasa sekondari za binafsi zilikuwa zikifunguliwa kama maduka, na moja huko Maswa ikamkubali. Wenye shule walitaka ada, sare, godoro na sanduku. Gloria aliikunja barua ya kukubaliwa akaivaa ndani ya gauni, na akawa anajifunza kuhesabu kwa Kiingereza huku anakoroga uji wa asubuhi. Mama yake akauza baiskeli ya Marcelo. Pesa yake haikufika hata robo ya ada.

Ndipo akakumbuka Bukundi.

Huko Bukundi, Meatu, aliishi mama mkwe wake, Nyanjige, mjane mwenye ng'ombe wachache na nyumba ya moshi. Na katika nyumba hiyo palikuwa na sarafu moja kubwa, imetundikwa kwa ukanda juu ya vibuyu vya maziwa. Babu wa ukoo alilipwa hiyo kwa kubeba mizigo ya Wajerumani, akakataa kuitumia. Kila mtoto wa kwanza wa nyumba ile akizaliwa, sarafu hushushwa, hupakwa siagi, huwekwa kiganjani mwake, kisha hurudi juu kwenye moshi. Gloria naye aliwekewa. Wakati ule Felisita hakuitazama mara mbili. Sasa alipanda basi kwenda kuitazama.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Alipiga magoti mlangoni, akamwamkia mama mkwe kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu." Wakaulizana habari za ng'ombe, za mvua, za Marcelo ambaye hakuna aliyekuwa na habari zake. Kisha akaomba kuishika. Ilikuwa nyeusi tii, ina utelezi wa siagi ya miaka. Akalowesha kidole kwa mate, akapangusa padogo tu, chini. Mwaka 1893. Rupia mbili, siyo moja. Akaigeuzia mwanga wa mlangoni: ndege juu ya kofia ya mfalme ana kila unyoya. Haikuwahi kupita mikononi mwa watu. Deogratias alikuwa amemwambia, akikuta rupia mbili yenye unyoya, amletee yeye kabla ya padri.

"Ni nini hiyo, mkwe wangu?" Nyanjige akauliza. "Nyie wa stendi mnazijua pesa."

"Bati tu, mayu. Haina kitu."

Alikuwa na sababu zake. Angesema ni mali, shemeji yake Luhende angeisikia kabla jua halijazama, na Luhende anajua kugeuza kitu kuwa pombe kuliko yeyote Meatu. Kwa hiyo akaomba kwa njia nyingine. Gloria anakwenda shule ya mbali, atalala kwa wageni. Angependa aivae shingoni, nyumba yake iwe naye.

Bibi akafurahi mpaka akalia. Ila hakuitoa siku hiyo. Alitaka apike pombe kwanza, awaambie wazee wa nyumba walioko chini kwamba kitu chao kinasafiri. "Rudi baada ya mnada," akasema, na akaitundika tena.

Felisita akarudi Dutwa, akamtumia Deogratias salamu kwa dereva wa lori: aje na pesa ya kutosha. Wiki hiyo aliunguza chapati mara nyingi. Akaenda mwenyewe kuuliza bei ya sanduku, akalishusha bei mpaka mwenye duka akamwambia amwonee huruma.

Siku ikafika, akapanda basi. Nyanjige akamtolea kitambaa cheupe, kimefungwa vizuri. Felisita anasema alijua kabla hajafungua, kwa sababu mikono ya mama mkwe ilikuwa imechubuka vidoleni, na pembeni mwa jiko palikuwa na kipande cha kibuyu chenye majivu na mchanga.

Ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Unyoya wa ndege umekwenda. Uso wa mfalme ulikuwa na mikwaruzo ya mviringo, ile ambayo kila mama wa kwetu huacha kwenye sufuria anapoisugua vizuri.

"Nilisugua siku mbili," bibi akasema. "Mjukuu wangu akavae kitu cha moshi mbele ya watoto wa shule? Wangemcheka. Na mimi nikutolee mkwe wangu kitu kichafu nyumbani mwangu?"

Felisita alikuwa bado kapiga magoti. "Wabeja, mayu," akasema. Asante. Angesema nini?

Nilimuuliza baadaye, "Sasa si ungemwambia tu asiiguse?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Ningemwambia kwa sababu gani? Bati halina masharti."

Sijawahi kumwambia mwenye ngozi kwamba ngozi yake ni nzuri.

Deogratias alikuja na lori, akakifungua kitambaa pale mezani, mbele ya chai. Hakuidondosha kwenye jiwe. Aliigeuza juani mara moja.

"Nani kaiua hii?"

"Bei," Felisita akasema.

"Mama Gloria, hii sasa ni nyama. Naipima."

"Ni rupia mbili, kaka Deo. Umesema mwenyewe ni chache."

"Zilikuwa chache. Hii sasa ni kijiko."

Akatoa kimizani chake. Felisita akabishana naye mpaka chai ikapoa, akampandisha mara mbili. Mtu wa pamba aliyekuwa anasubiri akasema mama huyu angefaa kuuza treni. Lakini nyama ni nyama. Kilichopatikana, pamoja na baiskeli, kilitosha muhula mmoja.

Gloria aliusoma muhula huo. Akashika nafasi ya tatu. Pasaka akarudishwa na sanduku lake, na shule ikampa nafasi yake mtoto wa mnunuzi wa pamba. Leo ndiye anayemimina chai pale mezani. Anahesabu chenji kwa Kiingereza, kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Pasaka hiyo hiyo alipelekwa Bukundi kumsalimia bibi. Njiani mama yake alimfundisha cha kusema. Nyanjige akamkumbatia, kisha akamshika shingoni.

"Iko wapi?"

"Shuleni, bibi," Gloria akasema. "Mwalimu mkuu ameifungia ofisini, isiibiwe."

Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akafikiri kidogo, akamgeukia Felisita.

"Lakini ofisini itaanza tena kuwa nyeusi. Mwambieni huyo mwalimu aisugue. Na asitumie mchanga mtupu, atachoka bure. Achanganye na majivu."

"Nitamwambia, mayu," Felisita akajibu.