Simu Moja ya Boma

Nelima alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akitengeneza huduma za serikali za mtandaoni, na kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kuketi kando ya watu na kutazama vidole vyao vikikwama. Siku hiyo ya soko, katika mji mdogo wa Mashuuru, alikuwa na Mama Sironka, aliyekuwa akimwombea mwanawe basari ya shule. Kwa mara nyingine tableti ikaandika: nambari hii ya simu imeshatumika.

"Ametumia mke mwenzangu mkubwa," Mama Sironka akasema. "Simu ni ya boma. Kwani kwenu kila mtu ako na yake?"

"Wengine wako na mbili, yeyo," Nelima akasema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Woi! Na zote wanaongea na nani?"

Nelima akacheka, kisha uchovu ukamrudia. Sharti la kila mwombaji na nambari yake lilijaribiwa Kitengela alikopanga nyumba, kwa wapangaji wenzake wanaofanya kazi Nairobi, na kule halikumsumbua mtu. Ripoti zake za kulipinga zilisomwa, zikasifiwa, zikawekwa kabatini. Akampigia mkubwa wake, Mbugua.

"Nikiliondoa, matapeli wataandikisha mpaka mbuzi," Mbugua akasema.

"Ondoa leo tu. Niko na mama hapa, na maombi yanafungwa kesho."

Mbugua akakubali. "Mpaka saa kumi na moja nikitoka ofisini. Na usinizoee, Nelima."

Nambari ikakubaliwa. Lakini tarakimu za kuthibitisha zilitumwa kwenye simu ya boma, na simu ilikuwa malishoni na mume, bondeni kusikofika mtandao.

Wakangoja. Mama Sironka akanunua chai, wakanywa wakitazama soko likipungua. Saa kumi na moja ikikaribia, ng'ombe wakapanda kisimani penye mtandao, na Nelima alipopiga, simu ya boma ikapatikana. Akatuma tarakimu upya. Mume akazisoma moja moja, akipaza sauti juu ya milio ya ng'ombe. Ombi likapokelewa.

"Kumbe mashine yenu inangoja ng'ombe wanywe kwanza!" Mama Sironka akasema, akifunga shuka yake. "Kesho nakuja na bibi mdogo, yeye bado hajaomba. Na majirani."

Ujumbe wa Mbugua ulikuwa umeshaingia: nimerudisha sharti.

Nelima akausoma, akaizima skrini. Hoja zote za kulipinga alikuwa ameshaziandika.

"Waje mapema," akasema.

Akaegemea gari lake, akampigia Mbugua tena. Simu ikaita, ikaendelea kuita.