Vigingi Shambani Itaka

Miaka ya hamsini nilikuwa nasoma chuo kikuu huko Uganda, nikijifunza namna ya kupanga vijiji na wilaya. Likizo moja nilitakiwa kupima kijiji chetu cha Itaka na kurudi na ramani yake. Bila ramani hiyo nisingeendelea na masomo. Asubuhi nikaanza kuchomeka vigingi katika shamba la kahawa la baba mdogo, wala sikuwa nimemwambia mtu.

Jua halijapanda, majirani walikuwa wamenizunguka na majembe mikononi. Walowezi walikuwa wamechukua mashamba ya wenzetu kwa vigingi kama hivyo.

"Tumekusomesha uje utuhamishe?" baba mdogo aliuliza.

"Ni somo tu, baba."

"Hata yule mzungu alisema anapima tu," mama mmoja akadakia. "Leo tunamchumia kahawa."

Nilimwomba Mungu moyoni anipe neno la kuwajibu, nikawaeleza kwamba bila ramani nisingeendelea na masomo. Baba mdogo alikigusa kigingi kwa jembe, kisha akasema, "Pima. Lakini kila ukimaliza kuandika vipimo, uking'oe mbele yetu."

Nilikubali. Kazi ikanichukua likizo yote, kwa kuwa hawakuniacha hata hatua moja, na hadi leo namshukuru Mungu kwa subira yao. Kila nilipong'oa kigingi, yule mama alisogea, akafukia shimo kwa mguu na kulikanyaga mpaka pasijulikane.