Kilomita Ambazo Mita Haikuzijua

Baba aliuza pikipiki jinsi watu wa kwetu wanavyouza ng'ombe: kasoro kwanza, bei baadaye. Usipomtaja ng'ombe mwenye teke, siku atakayomvunja mtu mguu ni jina lako litakalozungushwa sokoni. Kwa hiyo kila mnunuzi aliyefika kwetu Kisumu, miaka ile ya themanini ikielekea ukingoni, akainama kusoma mita, akaona kilomita chache na uso ukamchangamka, baba alimharibia furaha papo hapo.

"Bwana, hiyo mita si yake. Yake ilivunjika tukianguka Sondu, fundi akaweka ya pikipiki ingine. Hiyo unaona, ongeza."

"Niongeze ngapi, Mzee?"

Hapo ndipo nilipoacha sufuria motoni na kusogea mlangoni. Mama alikuwa amefariki, na tangu mazishi baba hakumtaja. Ukimtaja wewe, alinyamaza mpaka ukaona haya. Lakini mnunuzi ilibidi aelezwe, na kilomita zile hazikuelezeka bila mama.

"Ongeza barabara yote ya Luanda Kotieno. Mama ya hawa watoto alikuwa anachukua omena huko ziwani, tunarudi na gunia katikati yetu. Ongeza Muhoroni, kwa dada yake. Huko trekta ya miwa ikiwa mbele, ananipiga mgongo, ananiambia pita hiyo kitu. Hata Sondu tulianguka sababu yeye alikuwa anacheka, mimi nikageuka kumwangalia."

Mnunuzi alikuna kichwa, akaaga.

Shangazi yangu alichoka. "Kizuri chajiuza," alimwambia baba, "lakini wewe chako unakifukuza." Mimi nilishukuru kimoyomoyo. Aliyefuata alielezwa jinsi mama alivyofungua mwavuli pikipiki ikiwa mbioni, wakaingia wote wawili kwenye shamba la mahindi. Sikuwahi kuisikia hiyo. Nikawa nawangoja wanunuzi kama watoto wanavyoingoja Krismasi: waje, waulize, washtuke, waende zao.

Kisha akaja mwalimu mmoja, mtu mpole, akasikiliza yote bila kuitazama mita tena.

"Mzee, mtu anasema namna hii hawezi kunificha kitu ingine. Mimi naichukua."

Nilimchukia mwalimu yule, na sioni haya kusema. Aliiwasha, akatoka nayo uani taratibu, baba akimwelekeza mashimo ya kukwepa.

Jioni, tukila, nilijaribu bahati yangu. Nilimwuliza baba kama mama, kwenye pikipiki, alikuwa akikaa upande au kwa kupanua miguu. Alinitazama kidogo, akasema chakula kinapoa.

Leo baba naye hayupo. Nina picha zao, nina shuka la mama, na ningevitoa vyote nimpate mnunuzi mmoja zaidi, mgumu, mwenye maswali mengi.