Bidoni Mahali pa Mikono ya Mwadi

Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa nne asubuhi, lundo la magunia ya mahindi lilimwangukia Mwadi katika depo moja ya nafaka mjini Kamina. Alikuwa amekaa chini yake, bonge la uzi mapajani, akimpa mumewe uzi wa kushonea. Alikufa palepale. Wabebaji walizoea kupanga safu nane kwenda juu. Wakubwa wa depo ndio walioamuru kumi na mbili.

Leo mumewe, Constant Mbayo, miaka hamsini na mitatu, anashona peke yake mahali palepale, kwani ndipo washonaji wanapowekwa. Sindano ndefu inaingia, inatoka. Kwenye nguzo kando yake kumepigiliwa bidoni, dumu la mafuta la njano, kinywa chini. Anavuta, uzi unakuja. Anaukata kwa kipande cha msumeno kilichofungwa ubavuni mwa bidoni, anaendelea.

Hapa magunia hushonwa na watu wawili: mmoja sindano, mwingine uzi. Bonge likiwekwa chini linabiringika, linazoa vumbi, uzi unajifunga mafundo. Constant na mkewe walimaliza magunia sitini kwa siku. Baada ya mazishi, peke yake, hakufikisha thelathini.

Ndipo akakata kitako cha bidoni, akatia bonge, akapitisha uzi kinywani. Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Bonge liliruka humo ndani kama panya mtegoni, uzi ukakwama. Mama Élisa, anayeshona pembeni pamoja na dada yake, alicheka mpaka akaweka sindano chini.

"Papa Constant, unavuta ngozi ya juu! Mwadi alikuwa anachomoa ncha ya mu roho ya bonge. Haukumuonaka?"

"Miaka kumi na sita minyi nilipokea uzi," anasema Constant. "Sikuangaliaka hata siku moja unatokea wapi."

Tangu aanze kuchomoa ncha ya ndani, anafikisha magunia hamsini na tano. Mtu angedhani wakubwa watafurahi. Wapi! Baada ya kifo kile hawakupunguza hata safu moja. Walichofanya ni kubandika kanuni mlangoni: kila mshonaji awe na mwenzake wa kuangalia juu. Yaani kosa lilikuwa la shingo ya marehemu isiyoinuka, si la aliyeamuru kupanga. Asiye na mwenzake, mwisho wa mwezi huu anaacha nafasi.

Constant aliacha shule darasa la tatu. Kazi nyingine hana. Wiki iliyopita alimpeleka mkuu wa depo, shefu Amédée, mbele ya bidoni yake, akamwomba amwache ashone peke yake.

"Bidoni haiko muntu," shefu akasema. "Haina macho. Kanuni njo kanuni, papa."

"Basi shusheni magunia, shefu."

"Tutayaweka wapi? Nafasi haiko."

"Kama hamushushe, muniache na bidoni yangu. Yakianguka, yaniangukie minyi peke yangu."

Shefu akamgonga begani, akiwatazama wabebaji. "Weye ungali na nguvu, papa. Oa mwingine! Atakushikia uzi, kazi itaendelea."

Wabebaji wakacheka. Constant alinyanyua macho, akazihesabu safu, zote kumi na mbili. Kisha akauliza:

"Na huyo naye, shefu, nimukalishe wapi?"