Mdakaji Hasalimii

Kazi yangu pale Ngombezi ni kusimama nyuma ya matela ya mkonge yanaporudi kinyumenyume kuelekea kiwandani, nikimwongoza dereva kwa mikono. Hanisikii kwa kelele za mashine, ananiona tu kwenye kioo cha pembeni. Nikitoka kwenye kioo, anasimama. Hayo yameandikwa kwenye vijitabu vya udereva, nami nimevisoma vingi. Ambalo halijaandikwa ni salamu. Huku kwetu mtu mzima akipita unamgeukia, unamwamkia. Mwenzangu mmoja aligeuka kumwamkia mzee, tela likaendelea kurudi hadi likagonga kibanda cha mama ntilie na kupindua sufuria la maharage. Mama ntilie alisema mpaka jioni. Tangu siku hiyo, anayeongoza gari hasalimii wala haitikii.

Binti yangu alipochaguliwa kupanda kileleni mwa mnara wa wasichana, kwa ajili ya mahafali ya shule yao Old Korogwe, mwalimu wa michezo aliomba mzazi wa kumsaidia mazoezi. Nikaenda. Mnara wenyewe ulikuwa imara: wengine wamepiga magoti, wengine wamesimama juu yao, na binti yangu juu ya mabega ya hao. Tatizo lilikuwa kwa wadakaji, wale wanaosimama kuzunguka mnara ili anayeteleza asifike chini. Walikuwa wakimtazama usoni. Nikawaeleza kwamba uso unaweza kuendelea kucheka wakati mwili umeshaanza kuanguka. Watazame kiuno, na mikono ikae juu muda wote. Wakaelewa upesi.

Siku hiyohiyo mama mkwe wangu aliwasili kutoka Handeni, akapitia uwanjani kabla ya kufika nyumbani. Wadakaji waliomwona wakageuka wote, wakashusha mikono na kumwamkia kwa pamoja, kwa adabu kabisa. Binti yangu akateleza. Mdakaji wa upande wa pili, ambaye mnara ulimzuia kumwona mgeni, ndiye aliyemkumbatia, wakaanguka pamoja kwenye majani wakicheka. Bibi hakucheka. Nyumbani alitangaza kwamba mjukuu wake hapandi tena kitu chochote kirefu kuliko kiti. Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni. Binti yangu akasukuma sahani yake pembeni.

Nilimweleza mama mkwe kwamba wasichana walikosea kugeuka tu.

"Kwa hiyo ningepita kama mbuzi?" akauliza.

Asubuhi nikamwomba anisindikize kazini. Akakaa kwenye benchi la mama ntilie, akaniona nikiongoza tela huku mzee mmoja akipita nyuma yangu nisimtazame. Nilipomaliza alikuwa amekasirika kwa niaba ya mzee. Mama ntilie ndiye aliyemsimulia habari ya maharage, kwa urefu, akionyesha mpaka yalipofika. Bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Njiani kurudi akatoa uamuzi wake: mtoto atapanda, ila yeye bibi atakuwa miongoni mwa wadakaji.

Mwalimu alisitasita, nami pia. Bibi hakusitasita. Alifika mazoezini amejifunga kanga kiunoni, akauliza asimame wapi. Msichana mmoja mchokozi akamuuliza kama goti lake litaweza.

"Goti halidaki," bibi akamjibu. "Wewe inua mikono."

Siku ya mahafali mgeni rasmi alichelewa. Alipoingia, binti yangu alikuwa ameshafika mabegani. Mgeni alikuwa mtu mwenye adabu. Badala ya kwenda kukaa alipita kwanza kuwasalimu watu, na alipomwona mama mtu mzima karibu na mnara akamfuata.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alikuwa ameinua mikono, macho kiunoni kwa mjukuu wake. Mgeni akarudia kwa sauti zaidi. Mkuu wa shule akanitazama mimi, nikatazama mnara. Wadakaji wengine hawakugeuka hata mmoja. Binti yangu akanyoosha mikono, akayumba kidogo, akatulia, watu wakapiga makofi. Kisha akaruka. Wakampokea, na bibi akaendelea kumshika kiuno mpaka miguu yote miwili ikakanyaga chini sawasawa.

Hapo ndipo alipogeuka. Mgeni alikuwa bado amesimama, hajui aende au abaki.

"Marahaba, baba," bibi akamwambia. "Nilikuwa kazini."

Mgeni alicheka kuliko watu wote. Akataka kuuliza jambo, lakini wasichana walikuwa wameshaanza kupiga magoti upya, na bibi alikuwa anajifunga kanga vizuri.

"Kasimame kule kwenye viti, mwanangu," akasema. "Anapanda tena."