Mahali pa Kunyamaza katika Wimbo wa Frère Josué

Mwanangu, kuna siku moja inayonirudia kila ninapowaona ninyi vijana mkikasirikia jambo kwa sababu tu hamjalielewa. Nilikuwa kijana bado, mpiga gitaa wa kwaya yetu hapa Baraka, katika eneo letu la Fizi, na hatukuwa na miaka mingi tangu turudi kutoka ukimbizini Tanzania. Ngoja nikueleze polepole, maana hata sisi tulichanganyikiwa.

Alitufikia mwanamuziki mgeni, Frère Josué, yaani Ndugu Josué. Alizaliwa Haiti, nchi ya kisiwani, mbali katika bahari ya Karibi, ambako wazee wake walipelekwa utumwani kutoka Afrika. Ukimtazama, ungedhani ni mtu wa Fizi. Ukimsalimia kwa Kiswahili, anabaki kutabasamu tu. Alikuwa na wimbo alioutungia kanisa la kwao, na hamu yake kubwa ilikuwa auimbe walau mara moja pamoja na watu wa bara hili. Jumapili ndiyo ilikuwa nafasi yake. Jumatatu angeshika njia ya mji wa Uvira, arudi kwao.

Wimbo ulitaja jina la mama yake, la bibi yake, la mama wa bibi yake. Halafu kimya. Baada ya kimya ndipo kiitikio kiingie, kwamba Bwana anawaita watu wake kwa majina.

Sasa, unatujua. Sisi kanisani kimya hatukiwezi. Mazoezini, kila alipofika pale, bamama walipiga vigelegele, mpiga ngoma akajaza, na mimi nikaongeza gitaa. Alitusimamisha, tukaanza upya, tukafika palepale: vigelegele. Mwishowe aliketi, akasema basi, Jumapili ataimba peke yake.

Shangazi yangu, Mama Wabiwa, mshauri wa kwaya, alikuwa pembeni akichambua sombe, majani ya muhogo.

“Nyie batoto, juu ya nini munamupigia muntu kelele?”

“Mama, pale anasahau maneno,” akajibu Asende, kiongozi wetu. “Tunamusaidia.”

“Anasahau kila mara palepale? Basi iko na kichwa cha ajabu! Mulishamuuliza?”

Hatukuwa tumemuuliza. Asende akamuuliza kwa Kifaransa, kisha akatutafsiria huku sauti ikimshuka. Frère Josué alisema wazee wake waliouzwa walibadilishwa majina, na zaidi ya mama wa bibi yake hamjui mtu. Pale penye kimya anamwachia Mungu awataje mwenyewe, kwa kuwa Yeye anawajua.

Tulimwomba radhi, akakubali tuimbe naye, na Jumapili tulipofika pale tukanyamaza. Nilizibana nyuzi kwa kiganja. Ndipo mama mmoja nyuma, ambaye mume wake alipotea vitani, akaita jina lake kwa nguvu: “Mlasi!” Mwingine akaita jina la mtoto wake. Majina yakaanza kutoka kila upande. Nilimtazama Asende, naye alikuwa akitazama viatu vyake. Je, zilikuwa kelele zetu zilezile, au ndio wimbo wenyewe? Frère Josué alisimama mdomo wazi. Kisha akaanzisha kiitikio, kwa kuchelewa na kwa sauti iliyokatika, nasi tukamfuata.

Baadaye nilimuuliza shangazi, “Tumemuharibia ao hapana?”

“Mi sijui. Muulize mwenyewe.”

Safari hii niliuliza, Asende akitafsiri. Frère Josué akasema, “Na mimi sijui. Lakini nikifika kwetu, nitawaambia watu waite majina pale.”

Basi, mwanangu, nakuambia wazi: usiposhika jambo la mwenzako, muulize kabla hujamsahihisha. Na ukishajibiwa, unaweza kubaki hujui bado. Hiyo si dhambi, wala si upungufu wa imani. Mimi nimeishi na swali la Jumapili ile mpaka mvi hizi, na sijaacha kuimba. Usiache kuimba na mtu eti kwa sababu hamjaelewana yote.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka, akupe na watu wa kukueleza bila kukucheka. Na pale ambapo hakuna wa kukueleza, Yeye mwenyewe akae nawe. Ubarikiwe.