Bidon ya Maziwa Iliyoua Suti Yangu

Bon, chekeni tu, hiyo haya nilishaizoea. Mimi muchungaji wa ng'ombe za maziwa kule Masisi, batu bakanichagua député provincial, mubunge wa jimbo, nikashuka Gare du Midi, kituo ya treni ya Bruxelles, na suti mupya, shingo imenyooka, utasema ni mimi nilijenga ile gare. Nilikuja kuomba kitu moja: bandugu ba kwetu banaoishi Bruxelles batusaidie kupata frigo kubwa ya kupozea maziwa, juu bamama ba kwetu balikuwa banamwanga maziwa ya mangaribi kila siku, inaharibika mbele ya kufika Goma.

Maman Furaha, dada wa kwetu aliyenipokea kwake Berchem (anachungaka bazee mu home, nyumba ya kutunzia bazee), akaniambia: «Tonton, siku ya mukutano tutabapikia bandugu chakula, usijisumbue.» Mimi, kichwa ngumu! Nikasema lazima baonje maziwa ya kuganda, ndiyo roho itabauma. Nikanunua maziwa mabichi ya ferme ku marché ya Flagey, nikatia mu bidon ya plastiki, na vile baridi ya kule haigandishi kitu, nikakaza kifuniko ndi, nikaiweka pembeni ya radiateur, ile chuma ya kupasha nyumba moto, siku mbili. (Kwetu tunagandishaka mu kibuyu, na kibuyu inapumuaka. Bidon haipumui. Miaka yote ya kukamua, sikuwaza ile!)

Siku ya mukutano, salle ya paroisse, ukumbi wa parokia, imejaa. Nikasimama: «Bandugu, hii ndiyo kwetu!» Nikaitikisa bidon kwa nguvu, vile mama yangu alikuwa anatikisa kibuyu, nikaanza kufungua. Puu! Kifuniko ikaruka mpaka ku plafond, ku dari kabisa, maziwa ikanivaa kichwa, cravate, viatu, na padri wa mbele naye akapata fungu lake. Nikajua frigo imekwenda, na bamama nitabaambia nini?

Maman Furaha akafungua kikwembe yake ya juu, akanifunika. «Sasa unafanana muntu wa ng'ombe. Sema.» Discours ya Kifaransa niliyoandika ku karatasi ilikuwa imelowana, donc nikasema tu vile mama yangu alikuwa analia akimwanga maziwa. Papa mumoja akalamba kidole, machozi ikamutoka: «Mungu wangu, hii ni harufu ya kwa mama!» Salle nzima ikacheka, ikalia, na kofia ya muchango ikaanza kuzunguka.

Namushukuru Mungu, nabashukuru bale batu mpaka leo. Bidon sitakaza tena. Suti haikupona, lakini frigo ilifika, na bamama baliposikia habari bakaipa jina: Suti. Kila mangaribi nabasikia ku barabara: «Kimbia, tupeleke maziwa ku Suti!» Na mimi, honorable muzima, nasimama pembeni bapite.